Mkuu wa shule, mkwe wa watu na mama wa mtoto mchanga

Mwaka huu wanawake wawili ninaowafahamu wamepewa ukuu wa shule, na wote wameniuliza swali lilelile: uliwezaje na mtoto mchanga? Nikianza kuwajibu, simu inaita au kengele inalia, na jibu linabaki nusu. Nimekaa nikaliandika lote, kwa ajili yao na kwa mwanamke yeyote wa Tanzania Bara aliyekabidhiwa ofisi huku nyumbani akiwa ni mke, mkwe na mama. Mimi niliyapitia katika sekondari binafsi ya bweni. Wa benki, wa hospitali au wa halmashauri atayabadilisha kidogo yaendane na kwake.

Nitangulize jambo moja, maana lilinichukua muda kulielewa. Kazi ambayo haijapewa mtu, iwe nyumbani au ofisini, humwangukia mwanamke aliye karibu nayo. Ikishamwangukia mara kadhaa, watu huanza kuiita desturi, na siku asipoiweza huonekana ameshindwa yeye. Karibu kila kilichonisaidia kilikuwa ni kuitafutia kazi mwenyewe, kwa mdomo au kwa maandishi, kabla haijanifikia mimi.

Kwenye usaili walikuwepo wajumbe wa bodi pamoja na mmiliki wa shule. Wakaniuliza habari za matokeo, nidhamu, ada zinazochelewa. Mwishoni mjumbe mmoja wa makamo akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, mumeo ameridhia? Shule ya bweni haina usiku wala mchana." Mwalimu ambaye leo ni makamu wangu naye aliiomba nafasi ile. Baadaye aliniambia kwamba yeye hakuulizwa kama mkewe ameridhia.

Nilimjibu, "Mzee, nyumbani tumezungumza na tumekubaliana. Naomba na mimi niulize: usiku hapa shuleni nani yuko zamu, na mkuu huitwa kwa jambo gani?" Wakatazamana. Hapakuwa na utaratibu wowote. Mkuu aliyenitangulia alikuwa akifika mwenyewe kila usiku, na aliliweza hilo kwa sababu kwake kulikuwa na mke aliyelea watoto, aliyepika, aliyepokea wageni na kuhudhuria misiba kwa niaba ya wote wawili. Kazi ile ilikuwa ya watu wawili ikilipwa mshahara wa mmoja. Mwanamke anayeingia kwenye kiti cha namna hiyo hurithi nusu ya mume bila kurithi nusu ya mke, halafu watu wanashangaa kwa nini amechoka.

Kwa hiyo kabla ya kusaini niliomba mambo mawili yaingie kwenye mkataba: nyumba ndani ya eneo la shule, na zamu ya usiku iwe ya mzunguko kati ya mkuu, makamu na mwalimu wa nidhamu. Yote yalikubaliwa. Hilo ndilo ningemwambia mwenzangu wa kwanza: kipindi ambacho wamekwisha kukutaka lakini hujasaini ndicho kipindi ambacho neno lako lina uzito kuliko wakati wowote utakaofuata. Ujue pia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na hata majukumu ya kifamilia. Mbele ya wale wazee sikuitaja. Kuijua tu kulinifanya nijibu bila kutetemeka.

Makamu wangu ana umri wa kunizidi kwa mbali. Kabla shule haijafunguliwa nilimfuata nyumbani kwake, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia wazi kwamba najua naye aliitaka nafasi hii na kwamba bila yeye sitafika mbali. Nikamwomba tusipingane mbele ya walimu. Tukipingana, tupingane ofisini mlango ukiwa umefungwa. Alikubali. Mpaka leo asubuhi namwamkia shikamoo, na saa mbili namtaka ripoti ya taaluma. Wapo walionishauri niache kumwamkia ili nionekane bosi. Sioni sababu. Heshima ya umri ni yake na mamlaka ya ofisi ni yangu. Mtu mzima anayeheshimiwa hadharani haoni tabu kupokea maelekezo kutoka kwa mdogo wake.

Nililiona hilo siku ya kufungua shule. Mzazi mmoja aliingia ofisini, akanipita pale mezani, akampa mkono makamu aliyekuwa amesimama karibu na kabati la mafaili, akaanza kumweleza habari za ada ya mwanawe. Makamu alimwacha amalize. Kisha akasema, "Mzee, mkuu wa shule ndiye huyu. Mimi ni msaidizi wake." Akachukua faili lake akatoka nje. Kule kutoka ndiko kulikonisaidia zaidi, kwa sababu angebaki, yule mzee angeendelea kuongea nami huku akimtazama yeye. Wanaume wanaouliza wamsaidieje kiongozi mwanamke, basi jambo lenyewe ndilo hili: sema ni nani mwenye mamlaka, halafu ondoka ili mamlaka yaonekane.

Chumba cha walimu kilikuwa na mtihani wake. Nikisisitiza andalio la somo nilikuwa mkali. Nikimsikiliza mwalimu aliyefiwa nilikuwa na huruma za kimama. Siku moja mwalimu akatamka wazi kwamba kwa mila zetu mwanamke haongozi wanaume. Nilimuuliza mila zipi, maana yeye mwenyewe anatoka kwa Waluguru, ambako ukoo hufuata upande wa mama, ingawa sauti kubwa katika mambo ya ukoo huwa ya mjomba. Kule Buha, kwa Waha wa Kigoma, Mwami (yaani chifu) Tereza Ntare alitawala Heru tangu miaka ya 1940, enzi za Mwingereza. Bibi Titi Mohamed aliongoza wanawake wa TANU kuanzia mwaka 1955 na kuijaza mikutano ya chama. Na tangu tarehe 19 Machi 2021 Rais wa Jamhuri ya Muungano ni mwanamke. Nilimwambia hayo bila hasira kwa sababu naiheshimu mila. Mtu anayesema "mila zetu" mara nyingi huchagua kipande kimoja na kuviacha vingine, na ni haki kumwomba avilete vyote mezani.

Kulikuwa pia na zile kazi zisizoandikwa popote: kukusanya michango mwenzetu akifiwa, kuandaa chai ya kikao, kwenda kumwona mwalimu aliyejifungua, kumbembeleza binti anayelia bwenini usiku. Zote zilikuwa za walimu wa kike, na hakuna aliyewahi kuwapangia. Niliziingiza kwenye ratiba ya zamu, kwa majina, wanawake na wanaume. Manung'uniko yalikuwepo muhula mzima. Muhula uliofuata walimu wa kiume wakawa wanabadilishana zamu wenyewe kwa wenyewe. Walimu wa kike wawili wakapata nafasi ya kuomba kusahihisha mitihani ya taifa, jambo walilokuwa wakisema kila mwaka kwamba hawana muda nalo.

Kisha nikapata ujauzito, na tarehe ya makadirio ikaangukia mwezi Oktoba. Yeyote aliyewahi kuongoza sekondari anaelewa maana yake: Novemba ni mtihani wa Kidato cha Nne. Furaha yangu ilichanganyika na woga, na kwa wiki kadhaa nilivaa magauni mapana nikanyamaza. Kilichonitoa kwenye woga ni kuisoma sheria mwenyewe badala ya kutegemea nilichosikia. Nayaweka hapa kama yalivyo, maana wanawake wengi waliosoma kunizidi hawayajui.

Mwajiri anatakiwa kupewa taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya makadirio, ikiambatana na cheti cha daktari. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, na siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mkupuo. Unaweza kuianza wiki 4 kabla ya tarehe hiyo, au mapema zaidi daktari akithibitisha haja. Baada ya kujifungua huruhusiwi kufanya kazi kwa wiki 6, isipokuwa daktari athibitishe kwamba unaweza. Likizo ikiisha unarudi kazini kwa masharti yaleyale uliyokuwa nayo. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito ni kosa, na malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, wakati migogoro mingine huwa na siku 60. Kwa walio NSSF kuna mafao ya uzazi yenye masharti ya michango. Uliza ofisini kwao mimba ikiwa changa.

Barua yangu haikwenda peke yake. Niliambatanisha pendekezo la makamu kukaimu na rasimu ya hati ya makabidhiano: mhuri, sahihi ya benki, funguo za chumba cha kuhifadhia mitihani, orodha ya watahiniwa, madeni ya wazabuni wa chakula, namba za simu za afisa elimu kata na wilaya. Chini yake nikaandika mambo matatu tu ya kunipigia simu: kifo, moto, mwanafunzi kupotea. Mengine yote kaimu ataamua, na asipopatia tutayarekebisha nikirudi. Mmiliki aliposoma akasema hajawahi kupokea barua ya uzazi yenye kurasa nyingi kiasi kile. Najua ilimtuliza, kwa sababu swali lake la kwanza halikuwa tena "itakuwaje Novemba?" Alianza moja kwa moja kuulizia tarehe ya makabidhiano.

Hata hivyo mawili yalinigharimu. La kwanza ni pesa. Miezi ile posho yangu ya madaraka ilihamia kwa kaimu, na kwenye mkataba wangu hapakuwa na sentensi inayosema lolote kuihusu. Kwa kaimu ilikuwa haki yake, alifanya kazi. Kwangu ilimaanisha kwamba mwezi ambao matumizi yalipanda ndio mwezi ambao kipato kilishuka. Wenye mikataba wakaisome leo sehemu ya posho, na anayeingia kazini aiulize mapema.

La pili ni kikao cha bodi. Wiki 6 zilikuwa hazijaisha nilipoambiwa nipite "kidogo tu, hata saa moja". Nilikuwa bado na mshono, mtoto analia usiku kucha, na nilitaka kwenda. Naona aibu kulisema, lakini niliogopa kwamba wakizoea kuamua bila mimi hawatanihitaji tena. Mume wangu ndiye aliyenikalisha chini, akaniambia niandike jibu. Nikaandika kwa adabu kwamba sheria hainiruhusu kufanya kazi kabla ya wiki 6 na kwamba kaimu ana taarifa zote. Halikuja jibu, na siku zile za kimya sikulala vizuri. Kikao kikafanyika. Maamuzi mawili sikuyapenda na nikaishi nayo.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amekuja kunilea hadi arobaini. Ni mwanamke ninayempenda, na bila mikono yake sijui ningesimama vipi. Kwake yeye mambo ya mtoto mchanga ni ya wanawake. Baba huletewa mtoto akiwa ameogeshwa, amevikwa, amenyamaza. Sheria nayo inamuunga mkono kwa namna yake, kwa sababu kwa kawaida baba anahakikishiwa siku 3 tu za likizo ya malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Jirani zetu Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, baba hupata wiki 2. Siku 3 zinatosha kupokea pongezi. Kujifunza mtoto wako analiaje akiwa na njaa na analiaje akiwa na tumbo hakuwezi kuisha kwa siku 3, na baba asipojifunza mwanzoni, mama anageuka kuwa mjuzi pekee na hatoki tena kwenye nafasi hiyo.

Sisi tulikuwa tumekubaliana kabla ya kujifungua kwamba kila mmoja ataongea na wazazi wake mwenyewe. Mkwe akimwambia mama mkwe "mwache mwanao amuogeshe mtoto" hiyo ni vita. Mume wangu aliporudi kutoka kazini jioni moja alikunja mikono ya shati akasema, "Mama, nifundishe kumuogesha." Mama akamtazama kitambo. Akavuta beseni, akajaribu maji kwa kiwiko, akampa mtoto. "Shika shingo. Shingo kwanza. Usimwogope." Maji yalimwagika mpaka mlangoni. Mama alisimama nyuma yake hadi mwisho, na toka siku hiyo yeye mwenyewe akawa anamwita: baba mtu, njoo, maji tayari. Kama angebishana naye kuhusu nani anatakiwa kuogesha mtoto, tungekuwa tunabishana hadi leo. Aliomba kufundishwa, na hakuna mzazi anayekataa kumfundisha mwanawe.

Nje ya nyumba haikuwa rahisi kwake. Chanjo za mtoto huja wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ile ya wiki ya 10 alimpeleka yeye. Muuguzi alipokea kadi ya kliniki, akatazama nyuma yake, akauliza, "Mama yake yuko wapi? Anaumwa?" Wanawake kwenye benchi wakageuka wote. Mtaani walianza kusema amekaliwa. Mwanaume anayelea hutozwa gharama yake pia, hulipa kwa heshima yake mbele ya wanaume wenzake, na mke anapaswa kulijua hilo. Nilimshukuru, na nilimshukuru mbele ya mama yake.

Nilirudi kazini mwezi Januari. Hesabu ya hapa ni ngumu na sikuitunga mimi: wataalamu wa afya wanataka mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, na siku 84 hazifiki miezi 3. Pengo hilo sheria inaliziba kwa kumruhusu mama anyonyeshe wakati wa kazi hadi saa 2 kwa siku. Niliziandika kwenye ratiba ya ofisi iliyobandikwa mlangoni, saa nzima katikati ya asubuhi na nyingine alasiri, sawa na nilivyoandika vikao. Kwa kuwa naishi shuleni nilivuka uwanja tu. Kwa anayeishi mbali saa 2 zinaweza kuliwa zote na daladala, na ushauri wangu kwake ni kuomba kuziunganisha atoke mapema, na makubaliano hayo yawe kwenye karatasi. Vikao vya walimu nilivihamisha kutoka jioni kwenda asubuhi. Kumbe wengi walikuwa wakiliomba hilo kwa miaka. Hata wanaume walikuwa na watoto wa kuwafuata shule.

Lipo la dada wa kazi, na hili nataka nilikazie. Wanawake viongozi tunapoeleza tulivyofanikiwa huwa tunamtaja mume, tunamtaja Mungu, na dada tunampita. Mimi nilisimama mbele ya bodi kwa sababu binti wa mtu mwingine alikuwa amembeba mwanangu. Naye ni mfanyakazi kwa sheria ileile: ana haki ya mkataba, ya saa 24 za mapumziko kila wiki, ya likizo, na ya uzazi wake siku ikifika. Kumlipa vizuri kulikula sehemu kubwa ya mshahara wangu, na mwaka ule hatukuweka akiba. Jumapili ni yake. Siku hiyo tunahangaika na mtoto wenyewe, mmoja akipika mwingine anafua, na tumezoea.

Msiba ndio ulionipima kuliko yote. Alifariki baba mkubwa wa mume wangu, tukaenda kijijini. Sheria inatoa siku 4 za malipo kwa kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mtoto, mjukuu, kaka au dada. Baba mkubwa hayumo, basi nikatumia likizo yangu ya mwaka. Mkwe msibani kazi yake inajulikana. Nilikuwa jikoni na wifi zangu, mtoto mgongoni, nikimenya viazi, simu ikaita: mwanafunzi ameanguka, anapelekwa hospitali, wazazi hawapatikani. Nikainuka kwenda pembeni kuongea. Niliporudi mmoja wa wifi akasema bila kunitazama, "Wengine ofisi zao huja nazo hata kwa marehemu."

Mita chache kutoka pale, chini ya mwembe, alikaa shemeji ambaye naye ni mkuu wa shule, kwenye kiti, miongoni mwa wanaume. Alipigiwa simu zaidi yangu. Kila akipokea, wazee walishusha sauti ili asikie vizuri. Kazi moja, ukoo mmoja, msiba mmoja. Nilipoona vile nililia, na watu wakadhani namlilia marehemu.

Jioni nilimweleza mume wangu na nikamweleza mama mkwe. Mama hakusema mengi. Msiba uliofuata alinipangia kupokea na kuandika michango, mezani, pamoja na shemeji, akiwaambia wifi zangu kwamba mkwe huyu hesabu anazijua. Jikoni nilipeleka mtu wa kunisaidia na mchango wangu wa chakula mapema, na usiku nililala na wanawake wenzangu kwenye mkeka kama kawaida. Sikutaka kuukimbia msiba. Kulala pale ndiyo namna yetu ya kumwambia mfiwa hayuko peke yake, na nisingependa mwanangu akue bila hilo. Nilichotaka ni kazi ninayoweza kuifanya huku simu ikiwa mkononi. Wifi mmoja bado ana kinyongo na sijapata dawa yake.

Shuleni nilianza kuona nisichokuwa nakiona zamani. Mwalimu mmoja mjamzito alikuwa kwenye zamu ya masomo ya usiku hadi saa nne. Sheria inamkataza mwajiri kumpangia mjamzito kazi ya usiku katika miezi 2 kabla ya tarehe ya makadirio, na usiku wa kisheria unaanza saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Nilimtoa kabla hajaomba, nikampa usimamizi wa maktaba mchana. Kisha mwalimu wa kiume, kijana, akaja ofisini akizungukazunguka maneno. Mwanawe amelazwa, mkewe yuko hospitali na mtoto, nyumbani kuna mwingine mdogo. Alikuwa ameandaa uongo kwamba anaumwa yeye, nikauona ukimshinda mdomoni. Nikampa fomu ya siku 4 za ugonjwa wa mtoto, na kwenye sababu nikamwambia aandike hivyohivyo: mtoto amelazwa. Makamu alipoiona fomu aliniuliza, "Mkuu, sasa wakija wote?" Nikamjibu kwamba ni haki yao wote, basi tupange mwalimu wa akiba kwa kila somo. Tulikaa siku hiyohiyo tukapanga.

Linaloendelea sasa ni uhamisho. Mume wangu ni mtumishi wa umma, amehamishiwa mkoa mwingine. Upande wake walishaanza kunipa pole ya kuacha kazi, maana imezoeleka mke ndiye anayeandika barua ya kumfuata mumewe. Tulikaa tukapiga hesabu: mshahara wa nani, nyumba ya nani, matibabu, shule, umri wa wazazi wa pande zote mbili. Hesabu ikaonyesha nibaki. Kwa hiyo yeye ndiye aliyeandika kuomba kurudi, na kwenye sababu akajaza kumfuata mwenza. Afisa aliyeipokea barua alimuuliza kama amekosea kujaza. Akamwambia hapana, ndivyo ilivyo. Kwa sasa anakuja mwisho wa mwezi, mama mkwe amekubali kukaa nasi hadi mtoto atimize miaka miwili, na nauli ya mume wangu ya kuja na kurudi tumeiingiza kwenye bajeti mbele ya kila kitu kingine. Ombi likikataliwa tutakaa tena tupige hesabu upya, na safari hii mama mkwe ametuambia tumwite naye akae.